Upande wa Pili wa Matamvua

Toluca, 11 Januari 1993

Mheshimiwa Mama Eustolia Guadarrama,

Ninakuandikia kukuomba ufunge matamvua ya upande wa pili wa rebozo ambayo marehemu mama yangu, Hermelinda, aliiacha imekamilika upande mmoja tu. Nimeona vema kuanza na ombi lenyewe, kwa kuwa wewe na mama mlifanya kazi hii pamoja tangu usichana wenu na haistahili nikuzungushe.

Ni ile nyeusi ya manukato, mtandio wa msiba, uliofumwa na baba kwa uzi mwembamba na kuchemshwa na mama mwenyewe katika karafuu, mdalasini, rosmari na maji ya misumari yenye kutu. Upande mmoja amefunga maua ya komamanga, safu juu ya safu. Upande wa pili nyuzi zinaning'inia wazi kama zilivyotoka mtamboni. Niliikuta kapuni, kando ya kitanda chake.

Kama ulivyoona ulipofika kwenye mkesha, mazishi yalikwenda kwa utaratibu. Nilipowasili kutoka Toluca, baba alikuwa amekwisha kumvika mama rebozo nyingine nyeusi iliyokuwa kashani, ambayo ilikuwa na matamvua kamili pande zote mbili, na waombolezaji waliisifu. Kahawa na mkate vilitosha. Rozari ya siku tisa ilisomwa bila kukatizwa, na msalaba uliinuliwa kama inavyopasa. Ninayaeleza haya kwa sababu watu huniuliza ninaendeleaje, nami huwajibu kwamba kila kitu kilifanyika.

Tangu Septemba nimekuwa mfanyakazi wa muda katika ofisi inayoandaa soko la mafundi la mkoa, litakalofunguliwa Tenancingo Jumapili tarehe 28 Februari, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Nimekabidhiwa meza ya rebozo niipange kwa akili yangu. Mkurugenzi, Bwana Basurto, amenidokeza kwamba meza hiyo ikipendeza, nafasi ya kudumu itakuwa yangu. Nimekusudia kuiweka kazi ya mwisho ya mama katikati. Mkusanyaji mmoja wa vitambaa kutoka mji mkuu ameomba awekewe aje kuinunua.

Baba hajafuma tangu Novemba. Uzi umetandwa, ncha moja imefungwa nguzoni, mshipi wa kiunoni umelala sakafuni. Hula akiandaliwa. Naamini akiiona rebozo imekamilika atarudi kazini. Majonzi yana mwisho, kama kazi nyingine yoyote.

Wako katika heshima,
Licenciada Noemí Arizmendi Talavera,
Mhitimu wa Ubunifu wa Vitambaa


Malinalco, 19 Januari

Mwanangu Noemí,

Anayeandika ni Chole, mpwa wangu. Anayesema ni mimi. Barua yako ilipofika Chole alidhani ni ya serikali, akaenda kunawa mikono kwanza. Aliposoma "mheshimiwa" nikamwambia, rudisha hiyo, wamekosea nyumba. Halafu kule mwisho akakuta "Licenciada", akasimama wima kama shuleni. Wewe ulinikojolea sketi yangu nzuri siku ya ubatizo wa binamu yako, leo unaniita mheshimiwa? Haya, asante. Sketi ilikauka.

Siwezi kuifunga. Vidole vimekakamaa. Asubuhi kikombe cha uji wa atole nakishika kwa viganja viwili kama padri na kalisi. Chole anataka niseme pia kwamba nakohoa. Nani kakuuliza, Chole? Tayari kaandika. Basi ndiyo, nakohoa. Daktari anasema ni moyo. Moyo unakohoaje, mimi sijui, sikusoma.

Lakini hata ningekuwa na vidole vya msichana, hiyo nisingeifunga. Nina ombi moja kwako na sina sababu ya kukupa: usiipeleke sokoni. Irudishe kapuni, ikae. Baba yako ana zile za samawati zenye madoa ya jaspe, peleka hizo, wenye pesa wa mjini watazigombania.

Umesema kila kitu kilifanyika. Nilikuona, mwanangu. Ulikaa mlangoni ukipokea watu kama karani wa benki. Sikukusikia ukitamka neno ila "karibuni". Baba yako anakula nini?

Ni mimi,
Eustolia


Toluca, 27 Januari

Mama Eustolia,

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa makini. Nasikitika kuhusu afya yako, na naomba umshukuru Chole kwa mwandiko wake unaosomeka.

Hata hivyo, ombi lisilo na sababu ni vigumu kulitii. Nimejaribu kuitafuta sababu mwenyewe. Ikiwa kikwazo ni malipo, ofisi ina fungu kwa ajili ya mafundi, na ninaweza kukutetea. Ikiwa kikwazo ni kwamba jina la mama litaandikwa kwenye kibandiko na lako halitaandikwa, hilo pia linarekebishika. Nafahamu kwamba kati ya wafungaji wawili waliokuwa mashuhuri katika mtaa mmoja kunaweza kubaki jambo, hata baada ya mmoja wao kuondoka. Silisemi hili kwa ubaya.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikamsomea baba barua yako. Alikuwa amekaa ua wa nyuma, kofia magotini.

"Kasema usiipeleke?"

"Kasema."

"Basi usiipeleke."

"Kwa nini, baba?"

"Supu inapoa."

Hiyo ndiyo sababu niliyopewa. Tulikula. Nilipomuuliza tena, alisema supu ilikuwa nzuri, ingawa niliipika mimi na najua haikuwa na chumvi.

Nimekwisha kumpa Bwana Basurto neno langu. Nitamtafuta mfungaji mwingine Tenancingo. Kama utabadili nia kabla ya mwezi kwisha, nitafurahi kukupa wewe nafasi ya kwanza.

Kwa heshima,
Lic. Noemí Arizmendi Talavera


Malinalco, 3 Februari

Shemeji Anselmo,

Hii naiandika mwenyewe. Chole nimemtuma apeleke tamales zilizobaki za sikukuu ya jana ya Candelaria kwa jirani, na jirani huyo ana maneno, kwa hiyo nina muda. Mistari itapanda na kushuka, nivumilie.

Binti yako anataka kuiuza rebozo ya mkeo, Linda. Nimemkataza bila kumwambia sababu, sasa anadhani namwonea marehemu wivu. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo.

Siku ile ya mkesha nilipoingia na mshumaa niliijua rebozo yangu kabla sijafika jenezani. Wale njiwa wa matamvua ya upande mmoja nimewafunga mimi, mikono ilipokuwa bado mikono. Wa upande wa pili aliwafunga Linda. Ndivyo tulivyopatana tukiwa wasichana: kila mmoja aanze rebozo yake ya kuzikiwa, na mwenzake aimalize, maana mtaani kwetu mwanamke akiifunga mwenyewe ncha ya mwisho amejiita kaburini. Alinimalizia yangu, ikabaki kwenu ikisubiri niifuate. Yake ilikuwa inanisubiri mimi. Nikawa nasema vidole, nikawa nasema baridi ipite.

Ungefanyaje, Shemeji? Umpeleke na nyuzi zinaburutwa chini, anase kwenye kila mwiba wa njiani? Ulifanya ambalo ningekuambia ufanye, ila hukuniuliza.

Sasa ile ya kapuni ndiyo yangu. Sina nyingine. Na daktari siku hizi ananijibu kwa maneno mafupi. Sitaki kwenda na shuka la hospitali.

Usimwambie Noemí kwamba ulijua. Ana baba mmoja aliyebaki, asimpoteze kwa ajili ya kitambaa. Mwambie tu aiache. Tafuta uongo wowote mzuri.

Na ufunge huo mshipi kiunoni, ufume.

Eustolia


Toluca, 12 Februari

Mama Eustolia,

Kwa kuwa sikupata jibu lako, naona ni adabu kukuarifu nilipofikia.

Juma lililopita niliipeleka rebozo kwa Remedios, mfungaji anayekaa karibu na lango la soko. Aliikunjua juu ya magoti, akaipitisha mkononi hadi upande ulio wazi, akasimama hapo.

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu mama yangu."

"Aliyekufa simuulizi, Mungu ampumzishe. Nauliza atakayevikwa."

Nilimweleza kwamba itaonyeshwa, kisha itauzwa. Akacheka mpaka muuza soseji wa meza ya pili akageuka.

"Tacha! Wee Tacha, njoo usikie! Msomi anauza sanda ina mlango wazi!"

"Mwambie auze na jeneza," akajibu huyo Tacha bila kuacha kukata soseji zake, "atufungie pamoja, atupunguzie bei!"

Remedios aliikunja vizuri kuliko nilivyoileta, akanirudishia. Alisema hafungi upande wa pili wa rebozo ya msiba bila kujua inamfunika nani, na kwamba hata nikimpa soko zima hatafunga. Wafungaji wengine wawili walinijibu vivyo hivyo, mmoja kwa upole.

Nimefikiri, na nimeona kwamba kizuizi hiki kinaweza kugeuzwa kuwa faida. Rebozo itaonyeshwa kama ilivyo, upande mmoja umefungwa, mwingine wazi. Nimeandika kibandiko: "Kazi iliyokatizwa. Hermelinda Talavera, 1992." Bwana Basurto ameyasifu maneno hayo mbele ya ofisi nzima. Mkusanyaji amekubali kuichukua hivyo hivyo. Anasema ndivyo anavyoipenda zaidi. Kwa sasa imo katika kabati la kioo ofisini, na ufunguo ninao mimi.

Nilipokuwa naandika kibandiko sikuhisi chochote. Nikachukulia kwamba hiyo ni dalili ya kazi iliyofanywa kitaalamu.

Baba amepata barua yenye mwandiko usiofuata mstari. Aliisoma amesimama, akaitia mfuko wa shati. Nilipomuuliza imetoka wapi, alitoka kwenda kuwapa kuku maji. Kuku walikuwa na maji.

Kwa heshima,
Noemí Arizmendi Talavera


Tenancingo, 18 Februari

Mwanangu Noemí,

Haya ningekuambia kwa mdomo. Mara mbili umekuja na mara mbili mdomo umekataa. Eustolia ameniomba nikufiche, na ameniomba kwa wema, lakini kabati lenu la kioo limenitoa usingizini.

Rebozo aliyozikwa nayo mama yako si yake. Ni ya Eustolia. Ilikuwa kwetu kwa sababu mama yako alikuwa ameimalizia, wakati Eustolia bado hajaimaliza ya mama yako. Hao wawili walikuwa na mapatano yao ya usichana, kila mmoja kumfungia mwenzake ncha ya mwisho ya rebozo ya kuzikiwa. Wewe hukuyajua. Mimi niliyajua.

Sikukosea, mwanangu. Usije ukadhani giza lilinidanganya. Nilishika ya mama yako, nikaona nyuzi zinaning'inia. Nikafungua kasha, nikashika ile. Wanawake walikuwa wananiita wanasema maji ya kumwoshea yamepoa. Nikachukua ile.

Eustolia alipofika nilisimama kichwani pa jeneza. Aliona, akanitazama. Nilingoja aseme mbele ya watu, na angesema ningekubali. Akainama. Akayapanga matamvua juu ya miguu ya mama yako, uzi kwa uzi, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Akanyanyuka, akauliza kahawa iko wapi.

Wewe ulimwonyesha. Ulimwambia, "Karibu, mama, jikoni mkono wa kulia."

Unadhani sifumi kwa majonzi. Majonzi nayajua, nimezika wazazi na ndugu na nilifuma. Nikikaa mtamboni nauona huu mkono unafungua kasha.

Iliyo kwenye kioo ni yake. Anaumwa kuliko anavyosema. Iondoe.

Baba yako,
Anselmo


Toluca, 22 Februari

Bwana Basurto,
Mkurugenzi, Soko la Mafundi la Mkoa

Ninakuandikia kukuarifu kwamba nimeiondoa rebozo nyeusi katika meza niliyokabidhiwa. Imebainika kwamba si mali ya familia yangu, na haiuzwi. Mahali pake nimeweka rebozo tatu za samawati za baba yangu, na nimewajulisha waliohusika, akiwamo mkusanyaji.

Kibandiko kitupwe.

Ulinieleza jana kwa simu maana ya hatua hii kwa ombi langu la nafasi ya kudumu. Ulieleza kwa uwazi na nimekuelewa. Ufunguo wa kabati umo ndani ya bahasha hii.

Noemí Arizmendi Talavera


Toluca, 23 Februari

Mama Eustolia,

Rebozo ninayo. Imelala juu ya kitanda changu, na mimi ninalala kwenye kiti. Chumba chote kinanuka karafuu. Mwenye nyumba amegonga kuuliza kama ninapika.

Baba ameniandikia. Ninajua sasa.

Nimeandika barua ya kukuomba radhi. Ilikuwa nzuri, yenye mpangilio, na niliposoma mara ya pili niliona ningeweza kuitia sahihi na cheo changu chini yake. Nikaichana. Sina nyingine.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Jana nilimrudia Remedios, nikamjibu swali lake: atakayevikwa ni Eustolia Guadarrama wa Malinalco, aliyekuwa wa mtaa wa juu pale Tenancingo. Hakucheka. Alisema, "Huyo ningemfungia. Lakini hana mtu wake?" Akasema, "Kama ana mtu wake, afunge mtu wake." Kisha akauliza kama nilikwisha kula. Nilisema ndiyo, ingawa sikuwa nimekula.

Sijui kufunga. Mama alikuwa akiniondoa kapuni kwa kunipiga vidole, akisema mikono yangu ni ya daftari. Nikamtii.

Ninaomba jambo moja, na safari hii sitafuti hoja za kukushawishi. Uniambie kwa mdomo, nami nifunge kwa mikono. Wewe usiiguse. Sijui kama hilo linaruhusiwa katika mapatano yenu, au kama mtoto wa mwenzako anaweza kushika mahali pake. Kama haliwezekani, nitakuletea rebozo kama ilivyo na kuondoka.

Ofisini wameweka mtu mwingine kwenye meza. Anaonekana anajua kazi.

Bado sijamlilia mama. Nakuambia mapema, usije ukanikaribisha ukitarajia.

Noemí


Malinalco, 25 Februari

Noemí,

Anaandika Chole. Hii naituma kwa dereva wa basi, ukiiachia posta itafika Pasaka.

Unauliza kama inaruhusiwa. Sisi tuliopatana tulikuwa wawili, mmoja amelala na njiwa wangu miguuni, aliyebaki ni mimi. Basi mimi nasema inaruhusiwa. Wakikuuliza mtaani, waambie waje wabishane na mimi, wawahi.

Sasa sikiliza kazi ilivyo. Nyuzi utazigawa vifungu, na kifungu cha kwanza utakifunga vibaya. Utakifungua. Cha pili utakifunga vibaya zaidi, nami nitakusema, kwa sababu nina mdomo mchafu nikiona uzi unateswa. Mama yako siku ya kwanza alinirushia kapu. Ukirusha, rusha upande wa Chole.

Mfungaji aliyekomaa upande mmoja wa komamanga humchukua miezi mitatu, minne. Wewe, na hiyo mikono ya daftari, sema mwaka. Chole ananikanyaga mguu, anasema nisikuambie, utakata tamaa. Nakuambia makusudi. Nimemuuliza daktari kuhusu mwaka, akaangalia dirishani. Mimi sitaki kuzikwa na nyuzi wazi, kwa hiyo itabidi nikae mpaka umalize. Usiniharakishe. Ukikosea, fungua tu, anza tena. Sitakugombeza sana kwa hilo.

Kulia si sharti. Hata mimi bado.

Baba yako mwache huko. Juzi amenitumia salamu kwa muuza maua. Anasema amefunga mshipi na amefuma upana wa kiganja. Kiganja kinatosha kwa kuanzia.

Kata kucha, zinakwaruza uzi. Vaa kitu cheupe magotini, nyeusi juu ya nyeusi hutaona kitu. Najua ni siku ile ya soko lenu, nimehesabu, na sibadilishi: njoo Jumapili hii tarehe 28, saa nne asubuhi.

Eustolia